Meneja Hupimwa Ubaoni

Ukitaka kumpima meneja, usianze naye. Kujieleza wanajua wote. Zunguka nyuma ya jiko, kwenye ubao wa matangazo, usome ratiba ya zamu. Nazungumzia hoteli za Tanzania, maana huko kazi hailali, ila karatasi hiyo husema ukweli hata hospitalini na kiwandani.

Tazama kwanza ilibandikwa lini. Ratiba ya wiki inayotoka Jumapili usiku ni ya mtu aliyesahau kwamba walio chini yake wana watoto, misiba na vikoba. Kisha fuatilia jina moja. Aliyetoka zamu ya usiku saa moja asubuhi anarudi lini? Ukilikuta jina lake tena saa nane mchana siku hiyohiyo, amepewa saa saba za kupanda daladala, kulala na kurudi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inataka apumzike saa 12 mfululizo. Angalia pia nani anabebeshwa usiku wa sikukuu. Likiwa jina lilelile Idi na Krismasi, hapo kuna mtu anaadhibiwa bila barua.

Kalamu kupitapita juu ya ratiba wala si kasoro. Majina mawili matatu yaliyobadilishwa na kusainiwa pembeni yanaonyesha kwamba watu wanaruhusiwa kupatana wenyewe. Mimi hunitia shaka ile iliyo safi kupindukia.

Kipimo kingine hakimo kwenye karatasi: habari mbaya humfikiaje? Mpishi anaingia, “Bosi, friji ya nyama imezima tangu usiku.” Meneja wa kawaida atauliza, “Nani alikuwa zamu?” Aliyeiva atauliza, “Nyama mmeihamishia wapi?” Jina la aliyekuwa zamu halipotei, liko ubaoni. Ila kwa swali lile la kwanza, jiko zima limeshajua kama siku nyingine wamwamshe alfajiri au wamwache aje kuambiwa na mgeni anayesokotwa na tumbo.

Vyeti vya semina ukutani, vipite tu.

Kupendwa nako kusikuzuge. Wapo wanaopendwa kwa sababu hawamkemei mtu. Mvivu akiachwa, kazi yake haipotei, inamwangukia mchapakazi, naye ndiye atakayetangulia kuandika barua ya kuacha kazi. Kwa hiyo ukiambiwa watu wanaondoka, usiulize wangapi, uliza akina nani.

Na yule anayejisifu kwamba miaka inapita hajaenda likizo? Siku 28 kwa mwaka ni haki yake kama ya mwingine yeyote. Asipozigusa, mara nyingi ni kwa sababu hajamwandaa mtu wa kukaimu. Waulize mapokezi: meneja akiwa hayupo, mgeni akidai arudishiwe fedha, nani anaamua? Wakikujibu “tunampigia”, usihangaike kupanda ofisini kwake.