Wimbo wa Kisimani

Ulanula, karibu na mji wa Marsabit, visima husikika kabla ya kuonekana. Vijana wa Kiborana wamepangana kuanzia majini hadi juu, vifua wazi, na ndoo zinapita mkono kwa mkono: iliyojaa inapanda, tupu inashuka. Mmoja anaongoza wimbo, wenzake wanaitikia, na kila itikio lina ndoo yake. Kiongozi akipoteza pumzi, mikono nayo inapotea na maji yanamwagika. Humo wimboni ng'ombe wanasifiwa kwa rangi zao, kwa pembe zao, kwa wenyewe waliowafuga, nao wakiwa wamesimama pale pale wakisubiri zamu. Asiyejua Kioromo, lugha ya Waborana, ataondoka akisema ameona watu wakiteka maji.

Kwa hiyo kila anayeniuliza ajifunze lugha gani, namwambia Kioromo. Mfanyabiashara ana sababu zake, kwani wanaokizungumza wamepita milioni 30. Mimi nafikiria ufundi huu wa maneno. Ng'ambo ya mpaka, kwenye visima virefu vya Borana ya Ethiopia, yuko abba herrega, mpangaji wa zamu, ambaye kazi yake yote ni maneno: nani atangulie, nani angoje, mgeni apewe nini. Na kila baada ya miaka minane watu hukusanyika Gaayo, huko huko Borana, sheria zikatamkwa kutoka kichwani mbele ya umati. Hayo huwezi kuyafuata kwa mkalimani.

Zamani, mmisionari Krapf alijifunza Kioromo huko Shewa, Ethiopia, kabla hajafika Mombasa mwaka 1844 na kuanza Kiswahili chetu. Onesimos Nesib na Aster Ganno, wote wawili waliowahi kuwa watumwa, waliipa lugha hii Biblia nzima mwaka 1899. Aster aliandika pia nyimbo, vitendawili na hadithi alizozibeba kichwani. Kisha, enzi za Haile Selassie, shule na mahakama za Ethiopia ziliifungia lugha hii mlango.

Leo kinachonyamazisha kisima ni pampu. Siwezi kumlaumu mama anayefungua bomba; mgongo wake unastahili kupumzika. Lakini injini haihitaji kiitikio, na kijana aliyekulia kando yake hana sababu ya kuujua wimbo. Ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 uliua ng'ombe wengi mno pande zote za mpaka, ng'ombe wale wale waliokuwa wakisifiwa. Isiolo nimesikia watoto wakimjibu bibi yao kwa Kiswahili, naye akinyamaza.

Sisi majirani tumechangia ukimya huo kwa kutouliza. Nairobi mtu hupata kwa urahisi darasa la Kifaransa, la Kijerumani, hata la Kichina. La Kioromo, lugha ya wananchi wenzake wa Marsabit, Isiolo na Tana River, atalitafuta hadi achoke.