Tundu la Milimita 38

Katika kazi zilizofanywa na watu wa kawaida, wasio maulamaa wa elimu ya viumbe wala watumishi wa serikali, kwa ajili ya kuwahifadhi ndege wa viungani mwao, ni nadra kupata iliyosimama juu ya hesabu ndogo namna hii kama ile ya ndege wa buluu wa mashariki ya Marekani, ambaye alipungua mno katika karne ya 20, kisha akarejea kwa msaada wa kasha la mbao lenye tundu la kipenyo cha milimita 38. Aghalabu habari hii husimuliwa kama kisa cha huruma. Siikanushi huruma hiyo. Lakini huruma ilikuwapo miaka mingi kabla ya kasha, na ndege akaendelea kupungua. Kusudio langu hapa ni kuitazama tadbiri yenyewe: ilipangwaje, ilimzuia nani, na ni wapi iliposhindwa kutosha.

Ndege huyu, ambaye wataalamu humwita Sialia sialis, uzani wake ni yapata gramu 30. Dume ana mgongo wa rangi ya nili iliyokolea na kifua cha rangi ya kutu. Huvizia wadudu kutoka tawi la chini au waya wa ua, akawashukia majanini, na wadudu wanapoadimika wakati wa baridi hujikimu kwa matunda madogo ya porini. Shida yake ni moja: mdomo wake hauwezi kuchimba mti. Hutaga katika mashimo yaliyokwisha kuachwa na kigogota, au ndani ya nguzo za ua zilizooza, na kwa hiyo maskani yake imo katika kazi ya mwingine na katika uchakavu wa vitu. Wakulima walipozing'oa nguzo za miti wakasimamisha za chuma, na wenye bustani walipozoea kukata kila tawi kavu ili shamba lipendeze, nyumba zake zilikwenda pamoja na takataka.

Fauka ya hayo, wakaja wageni. Shomoro wa Ulaya walifunguliwa Brooklyn, New York, mwanzoni mwa miaka ya 1850. Na mwaka 1890 Eugene Schieffelin akawaachia kwenzi 60 wa Ulaya katika Central Park, akaongeza 40 mwaka uliofuata. Wote wawili hutaga mashimoni, wote ni wagomvi, na wote walienea bara zima. Wasomaji wa Pwani hawahitaji kufafanuliwa jambo hili, maana kunguru wa Bara Hindi aliletwa Unguja katika miaka ya 1890 ili ale taka za mji, na adhaa yake kwa mayai na makinda ya ndege wa bustani inaonekana hadi leo kila penye jaa lisilofunikwa.

Mwaka 1934, katika mji wa Quincy, Illinois, Thomas Musselman alianza kutundika makasha katika nguzo za ua kandokando ya barabara za mashambani, moja baada ya jingine, ili mtu mmoja aweze kuyapitia yote kwa safari moja. Baada yake alitokea Lawrence Zeleny, mkemia wa Wizara ya Kilimo ya Marekani, aliyekuwa na makasha yake huko Beltsville, Maryland. Huyu aliandika kitabu kuhusu ndege huyu mwaka 1976, na mwaka 1978 akaasisi chama cha wahifadhi wake katika Amerika ya Kaskazini. Mchango wa wawili hawa, kwa rai yangu, si wingi wa makasha, bali ni kulifanya kila kasha lipitiwe na mtu na hali yake iandikwe.

Tuliangalie sasa kasha. Ndege wa buluu hupenya katika tundu la milimita 38 bila taabu, ilhali kwenzi, aliye mzito zaidi ya maradufu na mpana wa kifua, hukwama. Na kipimo kikizidi milimita chache tu, kwenzi hupata njia. Hapa seremala hana ruhusa ya kukisia, na mwenye keekee isiyo na kipimo hicho heri angoje aipate. Kwa kuwa kigogota na kindi huweza kulitafuna tundu likapanuka, wengi hulizungushia kibati chenye tundu la kadiri ile ile. Kijiti cha kutulia mbele ya mlango, ambacho viwanda vya mapambo hupenda kukibandika, hakihitajiki kabisa, kwa sababu mwenye nyumba hushika ubao kwa kucha zake, na anayefaidika na kijiti ni shomoro. Toka tundu hadi sakafu huachwa sentimita 13 hadi 18, ili mkono wa rakuni usifike kwenye kiota. Ubao wa ndani, chini ya tundu, hukwaruzwa kwa msumeno, makinda wapate pa kukanyagia siku ya kutoka. Chini ya paa huachwa nafasi ya hewa, sakafuni vitundu vya kutolea maji. Na upande mmoja hutiwa bawaba. Bawaba ndiyo nitakayoirudia, kwa kuwa kasha lisilofunguka ni pambo tu.

Mahali pa kulisimamisha ni uwanda wenye majani mafupi, juu ya nguzo laini ya chuma yenye kizuizi cha bati kwa ajili ya nyoka na rakuni, na kila kasha liwe mbali na jingine kwa mita 100 hivi, maana ndege wa buluu hawakubali jirani wa kabila lao. Mbayuwayu wa miti, ambaye naye huyataka makasha hayo, alipatiwa ufumbuzi unaonipendeza kuliko yote: yaliwekwa makasha mawili mawili, yakitengana kwa mita 5 hadi 7. Mbayuwayu humfukuza mbayuwayu mwenzake lakini humstahimili ndege wa buluu. Hivyo wa kwanza akishika kasha moja, huwazuia wenzake wasilishike la pili, na la pili likabaki kwa yule aliyekusudiwa.

Lakini shomoro hupenya palepale anapopenya ndege wa buluu, na kwake hesabu yote ya tundu ni bure. Dume la shomoro huingia ndani likamkuta mama juu ya mayai, likamwua kwa kumdonoa kichwa, kisha likajenga kiota chake juu ya maiti. Sheria ya Marekani ya mwaka 1918 ya kuwalinda ndege wahamao haimhifadhi shomoro huyu wala kwenzi, na kwa hiyo ni halali kukitoa kiota chake. Hata hivyo kukitoa peke yake hakutoshi: dume hulishikilia kasha kuliko linavyomshikilia mke, hujenga upya, na pengine huenda likahujumu kasha la jirani kwa hasira. Wenye uzoefu hulitega ndani ya kasha lenyewe. Wapo wasioweza kazi hiyo, nami siwalaumu. Ila asiyeiweza na aliondoe kasha, kwani kasha lililoachiwa shomoro huwazidishia ndege wa buluu maadui kila msimu.

Ndiyo maana ya bawaba. Mlinzi hufungua mara moja kwa juma, ahesabu mayai, ambayo kwa kawaida ni manne au matano ya buluu hafifu, atazame kama mabuu ya nzi wanyonya damu wamejaa chini ya makinda. Makinda yakitimiza siku 12 au 13 haifai kufungua tena, kwani hushtuka yakaruka kabla ya mbawa kukomaa, na huweza kuangamia. Yakishatoka yenyewe, yapata siku ya 18, kiota kikuukuu huondolewa, kwa kuwa wazazi huweza kurudi kutaga mara ya pili katika msimu ule ule.

Tangu ilipoanza hesabu kubwa ya ndege wanaozaliana ya Amerika ya Kaskazini, mwaka 1966, ndege huyu ameongezeka. Si haki kuyapa makasha sifa yote, kwani dawa ya DDT ilipigwa marufuku Marekani mwaka 1972, na ndege anayeishi kwa wadudu hawezi kuwa hakufaidika. Nina lawama moja pia. Katika miongozo mingi ya kazi hii, kurasa za mbao na misumari ni nyingi, na za mti mkavu ni chache, ilhali gogo lililokufa halina gharama, humfaa kigogota kwanza, kisha wote wanaomfuata. Pale ambapo haliwezi kuangukia paa wala mpita njia, mimi ningeliacha lisimame, na kasha ningeliweka kando yake kwa miaka ile ambayo kigogota bado hajaanza kuchimba.