Muhuri na Mwiko

Sheria ya mwaka 2010, kama ile ya 1997 iliyoitangulia, yamtaka mbunifu majengo asajiliwe na Bodi kabla ya kujiita hivyo. Sina ugomvi nayo: jengo likianguka, lazima awepo wa kuulizwa. Lakini teremka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, utazame nyumba za tofali za kuchoma. Fundi alikuja na mwiko, kamba na timazi. Ramani i kichwani mwake. Mwenye nyumba hana fedha za kuufuata muhuri. Wamatengo wanaochimba ngoro ili udongo wa milimani usiporomoke hawakungoja cheti. Ujuzi upo, unahitaji kufundishwa zaidi na kukaguliwa. Sheria ikilinda jina la mtaalamu na kumsahau fundi, imelinda kibao cha mlangoni, nyumba bado.