Nane Ziwe Mbili

Umeme ukirudi Kijichi usiku utausikia kwa ngurumo ya friji na kelele za watoto wa jirani. Nyumbani kwa shemeji yangu kulikuwa na sauti ya tatu. Diski nane zilianza kuzunguka kwa pamoja ndani ya kasha la bati chini ya meza, UPS ikapiga mlio mrefu, kisha kimya. Kila kitu kimezimika tena, na umeme upo.

Shemeji anapiga picha na video za harusi. Send-off, kitchen party, ndoa yenyewe, mnuso: kazi moja inaweza kula nusu tera. Kasha lile alilijaza diski za tera 2 moja baada ya nyingine kadiri hela ilivyopatikana, akaziunganisha kwa ZFS katika mpangilio wa RAID-Z2, ambao unaruhusu diski mbili zozote zife bila faili hata moja kupotea. Nane zikampa nafasi ya tera 12. Siku tunakaa kuzungumza, tera 9.1 zilikuwa zimeshajaa.

"Shem, nataka mbili tu," aliniambia. "Kubwa, nisahau."

Nilidhani anatafuta nafasi. Kumbe tatizo lake lilikuwa ule mlio wa UPS. Diski ya inchi 3.5 ikianza kuzunguka huvuta karibu ampea 2 kwenye waya wa volti 12. Zidisha kwa nane, unakaribia wati 190 kwa sekunde chache, kompyuta yenyewe hujaihesabu. Betri changa ingehimili. Betri iliyochoshwa na miaka ya kukatika-katika kwa umeme inasalimu amri. Diski mbili zinaanza kwa wati 50 tu.

Sasa hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Njia inayojulikana ni kuchomoa diski ndogo moja, kuchomeka kubwa, kusubiri safu ijijenge upya, kisha kwenda kwa inayofuata. Inafanya kazi vizuri, ila mwisho wake ni diski nane kubwa. ZFS haikubali kupunguza diski ndani ya RAID-Z. Toleo la 2.3 la Januari 2025 liliruhusu kuongeza, kupunguza bado. Kwa hiyo hapa hakuna kubadilisha. Ni kujenga nyumba mpya na kuhamisha vyombo.

Inachekesha kidogo ukikumbuka kwamba Patterson, Gibson na Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walipoandika kuhusu RAID mwaka 1988, hoja yao ilikuwa kuacha diski moja kubwa ya gharama na kuchukua nyingi ndogo za bei rahisi. Sisi tunarudi walikotoka.

Diski mbili za tera 16 alizipata Kariakoo. Kabla ya kuzipa kazi yoyote tulizihoji. Mwanzoni mwa 2025 vyombo vya habari vya teknolojia vya Ujerumani viliripoti diski za Seagate zilizokwishatumika zikiuzwa kama mpya, kaunta ya saa za kazi ikiwa imerudishwa sifuri. Lakini diski hizo huweka daftari la pili, linaloitwa FARM, na programu ya smartctl inalisoma. Zake zilikuwa safi katika madaftari yote mawili. Kisha tukaziandika kwa badblocks mwanzo hadi mwisho na kuzisoma tena. Ukiiendesha bila kuitajia ukubwa wa bloku inagoma kwenye diski kubwa hivi, ipe -b 4096. Kuandika siku moja, kusoma siku nyingine. Shemeji alilalamika kwamba amenunua diski zisizofanya kazi.

Ugomvi wetu wa kweli ulikuwa wa matundu. Kompyuta yake ina nafasi ya nyaya nane za SATA na zote zina mtu. Fundi mmoja alimshauri achomoe diski mbili za zamani, kwa kuwa RAID-Z2 inavumilia, achomeke mpya mbili mahali pake na kunakili humo humo. Kwa hesabu ya matundu ni sawa. Ila fikiria unachofanya: unaziambia diski sita zilizozeeka zisome kila kipande zilichonacho, kazi ngumu kuliko zote zilizowahi kupewa, siku hiyo hiyo uliyoziondolea kinga yote. Nilikataa. Tuliazima kompyuta ya pili, tukaweka diski mpya humo kama pacha, kila kitu kikiandikwa kotekote, na kuunganisha mashine mbili kwa waya mmoja wa mtandao wa gigabiti 1. Megabaiti 110 kwa sekunde, saa 23.

Tulianza na kazi ambazo wateja hawajachukua. Harusi ya 2019 ikipotea utalia peke yako. Ya mwezi uliopita utalia ukoo mzima.

Saa mbili usiku umeme ukakatika. UPS ilivumilia dakika kumi na moja, tukazima kistaarabu. Kwa kuwa upande wa kupokea tulikuwa tumeuwekea alama ya -s, umeme uliporudi tuliomba tokeni ya kuendelea, na amri ya zfs send ikaanzia pale ilipoishia. Bila herufi hiyo moja tungerudi mwanzo.

Alfajiri diski ya tano ikaanza kuonyesha sekta zinazosubiri hukumu, mstari wa 197 kwenye ripoti ya SMART. Sekta 16, halafu 40. ZFS ikawa inazijaza kutoka kwa wenzake kimya kimya, kwa sababu wenzake walikuwepo wote. Shemeji aliniangalia, hakusema kitu. Diski ya saba nayo ilipandisha mstari wa 199, lakini huo ni ugonjwa wa waya. Tulibadilisha kebo, namba ikasimama. Watu wametupa diski nzima kwa kosa hilo.

Baada ya kunakili tuliendesha skrabu kwenye pacha wapya, saa kumi na tatu, makosa sifuri. Safu ya zamani tuliifunga kwa zpool export na kuiacha mwezi mzima bila kuigusa.

Je, amepata faida? Kwenye bili, kiasi. Zikitulia, diski hula kama wati 6 kila moja, kwa hiyo ameokoa wati 36, yaani uniti 26 kwa mwezi. Kwa bei ya umeme ya daraja la T1 wakati huo, Sh356 kwa uniti pamoja na kodi, ni Sh9,200 hivi. Diski hazitalipwa na LUKU. Alichonunua hasa ni UPS inayoshika na chumba ambacho feni yake inatosha mwezi wa Februari.

Na kuna alichouza. Zamani diski mbili zingeweza kufa. Sasa ikifa moja, iliyobaki inasomwa tera 9 peke yake bila wa kuisaidia. Ndiyo maana nilimsumbua kuhusu nakala ya pili, nje ya nyumba. Kuipandisha mtandaoni kwa megabiti 20 kwa sekunde ingemchukua siku 42, hapo hakuna waya wa baharini uliokatika kama SEACOM na EASSy Mei 2024.

Mwezi ulipoisha tulizipima zile nane. Mbili zilifeli, ya tano ikiwemo. Sita zilizobaki hatukuziunganisha: tukizifanya kitu kimoja bila kinga, moja ikifa zimekufa zote. Kila diski ikapewa miaka yake, peke yake, ikaandikwa kwa maka peni juu ya lebo. 2021 haikuenea, ikabidi ipange kwa 2018. Akazifunga kwenye mifuko ya plastiki na vile vipakiti vya kufyonza unyevu alivyotoa kwenye maboksi ya viatu, akazizungushia khanga, akazitia kwenye ndoo, akapanda daladala na ndoo yake mapajani, Barabara ya Kilwa mpaka mjini, kisha ya Bagamoyo mpaka kwa dada yake Tegeta. Ziko juu ya kabati. Kila baada ya miezi mitatu anakwenda kuziwasha na kuongeza mpya, na dada yake anamuuliza lini atakuja kuchukua ndoo yake.