Mwili Mbele ya Kamera: Samuel Fosso na Darasa la Falsafa

Zoezi la kumtaka mwanafunzi wa falsafa ajipige picha ili autafakari mwili na utambulisho wake hutetewa mara nyingi kwa hoja kwamba picha hudhihirisha nafsi. Hoja hiyo ni dhaifu, na kazi za Samuel Fosso zinatosha kuipinga.

Fosso alizaliwa mwaka 1962 huko Kumba, Kameruni, akalelewa Nigeria, na baada ya vita vya Biafra akaishia Bangui. Mwaka 1975, akiwa na miaka 13, alifungua studio yake. Mchana aliwapiga picha wateja. Filamu iliyosalia aliimaliza kwa kujipiga mwenyewe, na baadhi ya picha hizo akamtumia bibi yake. Utotoni alikuwa amepooza kwa kiasi, na hakupigwa picha ya uchanga kama ilivyokuwa desturi. Mwili ulionyimwa picha ndio uliokuja kusimama mbele ya kamera kwa suruali za bugaluu na viatu vya soli nene, kwa mfano wa mwanamuziki Prince Nico Mbarga. Hakuna nafsi iliyofichika inayofunuliwa hapo. Kuna kijana anayeazima mkao wa wengine, na katika kuazima huko anapata namna ya kuwapo.

Merleau-Ponty, katika kitabu chake cha mwaka 1945, alieleza kwamba mtu hawezi kuuzunguka mwili wake mwenyewe kama anavyoizunguka meza. Waswahili husema nyani haoni kundule. Methali hiyo hutumika kukemea, lakini ikichukuliwa kwa maana yake ya wazi ni fenomenolojia tosha. Kamera humpa mwanafunzi upande ule asiouona, yaani jinsi anavyoonwa. Ndiyo sababu kumfundisha Merleau-Ponty bila Fanon wa mwaka 1952 ni kuliacha somo nusu: jicho la mwingine halimwangalii kila mtu kwa namna moja, na mwili mweusi hufika mbele yake ukiwa umekwisha kupewa maana.

Mfululizo wa mwaka 2008, African Spirits, ambamo Fosso anavaa sura za Lumumba, Nkrumah, Angela Davis na wengineo, husifiwa zaidi. Sifa hizo zimezidi kiasi. Asiyeijua picha ya awali hubaki na mwigo tu, na mwili wa Fosso mwenyewe hupotea. Hata hivyo, kwa darasa la Kongo, ambako sura ya Lumumba ilikwisha kuingia sebuleni kwa michoro ya Tshibumba Kanda Matulu, picha hiyo inazua swali zito: ni nani mwenye haki ya kuivaa sura ya marehemu wa taifa?

Kwa watunga sera, matokeo ni mawili. Kwanza, kinachosahihishwa kiwe hoja ya mwanafunzi, si picha. Anayechagua kupiga kivuli chake au mkono wake tu hajakwepa somo. Pili, kuna suala la umiliki. Mwaka 2014 nyumba ya Fosso huko Bangui iliporwa, na filamu na picha zake zikatupwa nje hadi waandishi wa habari walipoziokota. Fosso alikuwa mtu mzima mwenye jina. Mwanafunzi wa miaka 17, ambaye picha yake imebaki katika simu ya mwalimu baada ya mtihani, hana wa kumwokotea.