"Baba Yetu" Imenikuta Ukonga

Jamani, nilikuwa wapi siku zote hizi? Jana mazoezi ya kwaya yalipokwisha hapa Ukonga, kijana mmoja wa besi alinisogezea simu. "Mwalimu, hebu sikiliza hii." Ndege ilikuwa inapita juu kwenda kutua, tukaisubiri imalize kelele zake. Ikaingia sauti ya kiume, kwa Kiswahili: Sala ya Bwana! Kwaya ikaitikia, okestra ikapanda nyuma yao, nami nimeduwaa mlangoni, funguo mkononi, vinyweleo vimesimama.

Mtunzi ni Christopher Tin, Mmarekani ambaye wazazi wake walitoka Hong Kong. Na mnajua alimtungia nani? Mchezo wa kompyuta! Civilization IV, 2005. Ukiufungua tu, "Baba Yetu" ndiyo inayokupokea. Mbunifu mkuu wa mchezo, Soren Johnson, aliwahi kuishi naye chumba kimoja chuoni Stanford. Maneno aliyatengeneza Mkenya, Chris Kiagiri. Mwaka 2009 Tin akaurudia wimbo huo katika albamu yake Calling All Dawns, nyimbo 12 kwa lugha 12, Kiswahili kikitangulia zote, Soweto Gospel Choir wakiimba. Mwaka 2011 ukachukua Grammy. Hakuna muziki wa mchezo wa kompyuta uliowahi kuipata kabla yake.

Kinachoniua ni kule kuitikiana. Mmoja anaanzisha, umati unapokea, kama tunavyoimba sisi tangu enzi za bibi zetu, na kila kiitikio kikirudi kinarudi kizito zaidi. Nimekesha nikiuandika kwa solfa, kwa sikio tu, na bado alto wananitoa jasho.

Manung'uniko ninayo. Jina la Yesu limechomekwa mahali ambapo katika sala tuliyofundishwa halimo, hadi huelewi anayeitwa ni Baba au Mwana. Hapo paroko lazima aniulize. Tena neno la umiliki lililofuata "mbinguni" halikupatana nalo hata kidogo. Mwalimu wa darasa la nne angelipiga wino mwekundu. Lakini wimbo ukianza, naimba kosa hilohilo kwa sauti yote, na macho nimefumba!

Jumamosi saa kumi jioni tunaanza sauti ya kwanza. Besi bado ni wachache: wa Mazizini, wa Gongo la Mboto, njooni.