Ukumbusho wa Mumbunda: Sifa ya Kwetu na Ardhi Yake

Sisi walimu wa Kiswahili tumesahihisha insha na tungo nyingi za wanafunzi juu ya uzuri wa kwao. Yaliyomo ni yale yale: milima mirefu, mito isiyokauka, misitu ya kijani kibichi na ndege waimbao alfajiri. Lugha huwa safi, mizani hutimia, nasi hutoa alama. Walakini jambo moja hatulihoji: je, mtunzi amepatazama mahali anapopasifu? Makusudi ya makala haya ni kulipima swali hilo kwa sanaa iliyokua nje ya madarasa yetu, yaani picha za ukumbusho za Lubumbashi.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba hapo mwaka 1911. Mwaka 1967 mali yake ilitwaliwa na serikali, na shirika lililokuja kuitwa Gécamines likashika kazi. Kwa miaka mingi dohani la kiwanda lilitoa moshi, na mabaki ya tanuri yakamwagwa kando mpaka yakawa kilima cheusi. Mandhari hiyo wenyeji waliiita mumbunda na mampala. Katika miaka ya 1970, mkoa ulipokuwa ukiitwa Shaba, wachoraji waliichora mara kwa mara juu ya nguo ya magunia ya unga, na watu wa mjini wakainunua na kuitundika sebuleni.

Mgeni huenda akashangaa kwa nini mtu apambe nyumba yake kwa lundo la taka za kiwanda. Jibu limo katika jina. Picha hizi ziliitwa ukumbusho. Thamani yake haikupimwa kwa uzuri peke yake, bali kwa uwezo wa kumfanya mtazamaji akumbuke na aseme. Shahidi bora ni Tshibumba Kanda Matulu, ambaye mwaka 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake na kumweleza mtaalamu Johannes Fabian, kwa Kiswahili, maana ya kila picha. Kwake picha ilikuwa mwanzo wa mazungumzo.

Basi picha ya mumbunda ina fahari, kwa sababu mshahara, nyumba, shule ya watoto na heshima ya mji vilitegemea dohani hilo. Lakini ina ukweli pia. Kilima cheusi hakikuondolewa ili picha ipendeze. Hapo ndipo mchoraji wa gunia anapomshinda mtunzi wetu wa sifa, ambaye huazima msitu wa vitabuni na kuupanda katika kijiji kisicho na mti.

Hata hivyo, uhakiki wa haki hauna budi kutaja upungufu. Picha hutazama kiwanda. Haitazami kule moshi ulikokwenda. Upepo utokao kusini-mashariki uliupeleka kaskazini-magharibi mwa mji. Gesi ya salfa na vumbi la metali viliuangukia msitu wa miombo. Miti ikafa, udongo ukajaa shaba, ardhi ikabaki tupu. Uzalishaji wa Gécamines uliporomoka katika miaka ya 1990, lakini msitu haukurudi wenyewe, kwa kuwa shaba haiozi. Mahali paitwapo Penga Penga, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wamejaribu kuotesha nyasi zinazovumilia shaba, baada ya kuutia udongo chokaa na mboji. Ni kazi ndogo kwa macho, tena ya polepole, lakini nayo inastahili mchoraji wake.

Msanii wa kizazi kilichofuata, Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, amekwisha kupiga hatua. Katika mfululizo wa picha uitwao Mémoire, wa mwaka 2006, aliwatoa wafanyakazi katika picha za kale za enzi ya ukoloni na kuwasimamisha mbele ya mitambo ya Gécamines iliyochakaa. Fahari na hasara vinatazamana, na mtazamaji hana njia ya kukwepa.

Walimu wenzangu, wahenga walisema: mficha maradhi, kifo humuumbua. Insha inayoficha donda la kwao haiwezi kumfundisha mtoto kuliuguza. Tusiwakataze wanafunzi kusifu, maana asiyejivunia kwao hatapatunza. Ila tuwatake watoke nje kwanza, watazame mto unaingiwa na nini na makaa ya jikoni yametoka katika miti gani, kisha ndipo washike kalamu. Atakayetuandikia juu ya kilima cheusi na nyasi zinazoanza kuota, huyo tumpe alama kuliko yule wa misitu ya kuazima.